Misaada na Bunduki Mpakani

Kwa mkazi wa Titye, wilayani Kasulu, Burundi si nchi ya mbali. Nyanda za Kasulu na Kibondo zimepokea wakimbizi tangu 1972, na kwa makundi makubwa zaidi baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwezi Oktoba 1993. Basi swali kama fedha za misaada zaweza kuwaondolea waasi bunduki mikononi si la wasomi peke yao huko. Wala si la watu wa bara tu. Ulinzi na mambo ya nchi za nje ni mambo ya Muungano, na mwananchi wa Unguja au Pemba anayo sehemu yake katika maamuzi hayo.

Wako wanaoshikilia kwamba umaskini ndio unaozaa uasi. Tia fedha, vijana watashika jembe. Hoja hiyo yavutia, lakini yaliyowapata jirani zetu hayaiungi mkono. Kabla ya 1993 Burundi ilipokea misaada ya nje kwa miaka mingi, huku jeshi likibaki mikononi mwa kundi moja. Barabara mpya haimjibu kijana anayeuliza kwa nini mlango wa jeshi umefungwa kwake.

Jibu lilianza kupatikana Arusha. Mazungumzo aliyoyaongoza Mwalimu Nyerere hadi alipofariki 1999, kisha Mzee Mandela, yalizaa mkataba wa Agosti 2000, uliotamka kwamba hakuna kabila litakalozidi nusu ya jeshi. Mwaka 2003 kundi kubwa la waasi, CNDD-FDD, lilikubali kusitisha mapigano baada ya kuahidiwa asilimia 40 ya nafasi za maofisa. Ndipo fedha za Benki ya Dunia za kuwarejesha wapiganaji uraiani zilipopata kazi. FNL, waliokuwa nje ya makubaliano hayo, waliendelea kupigana ingawa misaada ilikuwa ikiingia.

Hatusemi fedha hazina maana. Mpiganaji aliyesalimisha silaha, akarudi kijijani bila mbegu wala shamba, ni rahisi kuitwa tena msituni. Tunalosema ni kwamba fedha hulinda makubaliano yaliyokwisha kufikiwa, haziyaleti.

Mwaka 2015 mgogoro wa kisiasa wa Burundi ulijaza tena Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, na haukutokana na upungufu wa unga. Kwa hiyo maofisa wetu, wanapoketi na wafadhili kuzungumzia Kigoma na mpaka wake, waulize kwanza ni nani upande wa pili amefungiwa mlango, ndipo wahesabu magunia.