Bia ya kiwanda kidogo ni ipi?

Mhariri,

Waandishi wa habari za bia ya Marekani huchanganya majina mawili, ilhali chama cha watengenezaji, Brewers Association, huita kiwanda kidogo kile kinachozalisha chini ya mapipa 15,000 kwa mwaka, pipa moja likiwa takriban lita 117, huku jina la bia ya mafundi likihusu zaidi umiliki, yaani kampuni kubwa ya vileo isimiliki robo au zaidi ya kiwanda husika. Kikomo cha kundi hili la pili, kilichokuwa mapipa milioni 2, kilipandishwa hadi milioni 6 kampuni ya Boston Beer ilipokaribia kukivuka, na kuziita lita milioni 700 uzalishaji mdogo ni ukarimu uliopitiliza. Lebo inayomtaja mwenye kiwanda ingemfaa mnywaji zaidi.

Msomaji