Efatha: Kabla ya Kununua Kompyuta, Tufunguliwe Sisi

Wapendwa waamini, katika kikao cha hivi karibuni Halmashauri ya Walei ya parokia yetu ilileta mezani pendekezo jema: sehemu ya mavuno ya mwaka huu itumike kununua kompyuta kwa ajili ya watoto wenye mahitaji maalumu wanaosoma katika shule ya msingi jirani nasi. Wajumbe walipiga makofi. Mimi niliomba tusipige kura siku ile. Tangu hapo nimesikia maneno ya chinichini, kwamba Padre anaogopa mambo ya kisasa, na kwamba fedha za watoto wanyonge zitaishia kwenye rangi ya kanisa. Ni haki yenu kupewa maelezo, nami nayatoa hapa bila kuficha kitu.

Naanza na Injili. Mwinjili Marko, katika sura ya saba, anatusimulia habari za mtu asiyesikia na aliyesema kwa shida, aliyeletwa kwa Yesu katika nchi ya Dekapoli. Sisi sote tunalikumbuka neno Efatha, maana yake funguka. Lakini tutazame utaratibu wa Bwana wetu. Kwanza alimtoa yule mtu katikati ya umati, akawa naye faraghani. Kisha alimgusa masikio na ulimi, yaani alizungumza naye kwa njia ambayo mtu asiyesikia angeweza kuielewa. Neno lilikuja mwisho. Yesu alikuwa na uwezo wa kuponya kwa mbali, kwa neno moja tu, mbele ya umati wote uliokuwa ukisubiri kushangaa. Hakufanya hivyo. Alimpa mtu yule muda wake, na akajishusha hadi kwenye lugha yake.

Hoja yangu yote imo humo. Kifaa chochote, kiwe cha bei kubwa au ndogo, hakimfungui mtoto mpaka mtu mzima akubali kumtenga na umati na kujifunza lugha yake. Tukinunua kifaa na kukataa kujifunza, tumenunua sanduku.

Historia inathibitisha jambo hili. Louis Braille alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na umri wa miaka mitatu, mtoto huyo alijichoma jicho kwa msharasi wa baba yake, na baadaye akapoteza macho yote mawili. Mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 15 katika shule ya wasioona mjini Paris, alikuwa amekwisha kubuni maandishi ya nukta nundu, ambayo huandikwa kwa chombo kidogo chenye ncha, ndugu wa msharasi ule ule. Aliyachapisha mwaka 1829. Je, shule yake iliyapokea mara moja? La hasha! Walimu wenye macho waliona taabu kujifunza alama wasizozizoea, wakashikilia herufi za kawaida zilizoinuliwa kwenye karatasi, ambazo wao waliweza kuzisoma kwa urahisi na wanafunzi wao kwa shida. Braille alifariki mwaka 1852, na Ufaransa ikayakubali rasmi maandishi yake mwaka 1854. Kifaa kilikuwepo, mtoto alikuwepo, uwezo ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mzima aliyekubali kuwa mwanafunzi.

Sasa turudi kwetu, Mbulu na Hanang. Katika darasa moja la kawaida mwalimu anasimama mbele ya watoto wengi, akiwa na chaki na ubao. Tuwafikirie watoto watatu waliomo.

Wa kwanza ana ualbino. Mtoto wa namna hii mara nyingi si kipofu. Ana uoni hafifu, na mwanga mkali humuumiza. Hata hivyo, kwa miaka mingi hapa nchini watoto wengi wenye ualbino wamepelekwa katika shule za wasioona na kufundishwa nukta nundu, nao wakawa wanazisoma nukta hizo kwa macho badala ya vidole! Walichohitaji ni kuketi mbele, mbali na dirisha lenye jua, maandishi makubwa, kofia, miwani, na lenzi ya kukuzia. Leo kuna njia nyingine iliyo karibu zaidi. Mnavikumbuka vishikwambi walivyotumia makarani wa Sensa ya Agosti 2022. Baada ya kazi ile Serikali iliwagawia walimu. Kishikwambi kina kamera. Mwalimu akipiga picha ya ubao, mtoto huyu anaweza kuikuza kwa vidole viwili mpaka herufi moja ijae kiganja. Hapo hatujatoa hata shilingi moja ya mavuno.

Wa pili haoni kabisa. Katika simu na vishikwambi vingi vya Android imo programu iitwayo TalkBack, isomayo kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo, na sauti ya Kiswahili inapatikana. Kwa kompyuta iko programu ya NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, akaungana naye James Teh, wote wawili vijana wasioona wa Australia, nayo hutolewa bure. Katika nchi jirani ya Kenya, shirika la inABLE, lililoanzishwa na Bi. Irene Mbari-Kirika, lilianza mwaka 2009 kuwafundisha kompyuta wanafunzi wasioona wa shule ya Thika. Kwa hiyo asiwepo wa kuniambia kwamba napinga kompyuta. Nazijua faida zake, nami natamani watoto wetu wazipate. Lakini pale Thika palikuwa na walimu wa kuwaketisha watoto na kuwafundisha, siku kwa siku. Tena tusisahau: mtoto anayesikiliza tu hajifunzi kuandika jina lake. Sauti ya mashine haichukui nafasi ya nukta nundu, kama vile redio isivyochukua nafasi ya daftari kwa mtoto anayeona.

Wa tatu hasikii, na hapa ndipo tunapodanganyika zaidi. Zipo programu za simu zinazogeuza maneno ya mwalimu kuwa maandishi, na Kiswahili kimo. Mtu akiiona kwa mara ya kwanza atasema, Efatha imekuja! Ngojeni kwanza. Mtoto aliyezaliwa kiziwi katika boma la Hanang, ambamo wazazi wanazungumza Kidatoga, au katika nyumba ya Mbulu inayozungumza Kiiraqw, hajawahi kusikia lugha hizo, wala Kiswahili. Anafika shuleni na ishara chache za nyumbani: chakula, maji, ng'ombe, kulala. Kumwekea mtoto huyo maandishi ya Kiswahili kwenye kioo ni kama kumpa mkulima wa Dongobesh gazeti la Kichina. Tena mkulima ana nafuu, kwa kuwa angalau analo jina la kila kitu katika lugha yake mwenyewe. Mtoto huyu anahitaji lugha kwanza, yaani Lugha ya Alama, na lugha haipatikani kwa mashine. Hupatikana kwa watu wanaoizungumza nawe kila siku, mwalimu, wenzako darasani, na mama yako nyumbani.

Ndugu zangu, siandiki haya nikiwa mwema kuliko ninyi. Miaka michache iliyopita mama mmoja aliniletea mwanawe asiyesikia, akaniomba apokee Komunyo ya Kwanza pamoja na wenzake. Nilimuuliza mtoto maswali ya katekisimu. Hakujibu. Nikamwambia mama asubiri mwaka mwingine, mpaka mtoto atakapoelewa. Mwaka huo huo tulifanya harambee tukanunua vipaza sauti vipya vya kanisa, nami nikashukuru hadharani kwamba sasa kila mtu atalisikia Neno la Mungu. Mtoto yule alikuwa ameketi benchi la nyuma karibu na mama yake, akitazama watu wakipiga makofi.

Baadaye nilikumbuka jambo tulilosoma seminarini. Mtakatifu Fransisko wa Sales, Askofu wa Geneva, alikutana na kijana kiziwi aitwaye Martin. Hakumwahirisha. Alimfundisha imani kwa ishara, yeye mwenyewe, kwa uvumilivu, kisha akampa Komunyo Takatifu. Ndiyo maana viziwi wanamheshimu kama msimamizi wao. Hali kadhalika Padre Charles-Michel de l'Épée, yapata mwaka 1760 mjini Paris, alifungua shule kwa ajili ya viziwi bila kudai ada, naye alianza kwa kujifunza ishara ambazo viziwi wenyewe walikuwa wakizitumia. Mimi nilikuwa nimepima masikio ya mtoto nikidhani napima imani yake. Ndivyo linavyofanya kila darasa linalompa mtoto asiyesikia sifuri ya imla.

Hapa Tanzania Kanisa halianzi leo. Ndugu zetu Waanglikana walianzisha shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, na Kanisa Katoliki likaanzisha shule ya viziwi ya Tabora mwaka 1963. Wakati ule hapakuwa na kishikwambi wala intaneti. Walikuwepo watu waliokubali kuketi karibu na mtoto. Leo tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotambua haki ya mtoto huyu kupata elimu, na tuna vifaa ambavyo wale wa Buigiri hawakuviota. Itakuwa aibu kubwa ikiwa sisi, wenye vingi, tutafanya machache kuliko wao.

Basi napendekeza hivi kuhusu fedha za mavuno.

Kwanza, tuwatambue watoto. Kila jumuiya ndogo ndogo iwatembelee wanajumuiya wake na kuuliza kwa upendo kama yupo mtoto aliyebaki nyumbani. Wapo wanaofichwa, tunajua. Watoto hao wapelekwe hospitali wakapimwe macho na masikio. Usaha wa masikio usiotibiwa hupunguza usikivu, na mtoto aitwaye mzito wa kuelewa huenda anahitaji miwani tu. Tusimnunulie kompyuta mtoto anayehitaji dawa.

Pili, tuwasomeshe watu. Tugharimie walimu wawili wa shule hiyo na katekista mmoja, wakati wa likizo, wajifunze Lugha ya Alama na nukta nundu. Kule Arusha kipo Chuo cha Ualimu wa Elimu Maalumu cha Patandi. Tukawaombe ushauri kuhusu mafunzo yanayotufaa. Nami nitajiandikisha pamoja na katekista, kwa gharama yangu.

Tatu, tununue vitu vidogo: vibao vya kuandikia nukta nundu na karatasi zake nene, lenzi za kukuzia, kofia, betri za vifaa vya kusaidia kusikia, na umeme wa jua wa kuchajia.

Nne, ndipo tununue kompyuta. Tuanze na mbili, si kumi. Kila moja iwe na mtu aliyetajwa kwa jina kuwa mwangalizi wake, na tutenge fedha za matengenezo ya kila mwaka. Nimewahi kuona katika shule moja, ambayo sitaitaja, kompyuta za msaada zimefunikwa kitambaa kizuri kilichodariziwa, na ufunguo wa chumba uko kwa mtu aliyehama. Waliozitoa walikuwa na moyo mwema kama wenu.

Najua kwa nini mpango huu hausisimui. Kompyuta yenye utepe hupigwa picha; nauli ya mwalimu haipigwi picha. Mtoaji anapenda kuona alichotoa. Lakini mtoto ndiye atakayeonekana, ikiwa tutakuwa na subira.

Hata hivyo, sina budi kukiri kwamba neno subira si jepesi. Baba mmoja wa jumuiya yetu aliniambia baada ya kikao: Padre, mwanangu yuko darasa la tano, mkisubiri mipango yenu ikamilike atakuwa amemaliza shule. Maneno hayo yamenichoma. Ana haki. Kwa hiyo nisieleweke kuwa nasema tungoje. Vishikwambi vimo tayari mikononi mwa walimu, na kumsogeza mtoto benchi la mbele hakuhitaji kikao. Nitamwomba Mwalimu Mkuu tuanze na hayo wiki hii. Na Halmashauri ya Walei itoe taarifa mbele yenu kila mwezi, baada ya Misa ya pili: watoto wangapi wametambuliwa, wangapi wamepimwa, na nani anajifunza nini. Tukishindwa, mtuulize.

Na yule mtoto niliyemwahirisha? Nilikwenda nyumbani kwao. Nilimkuta anachunga. Mama yake alinifundisha ishara tatu za nyumbani kwao, na mtoto akacheka kwa jinsi nilivyozikosea. Alipokea Komunyo ya Kwanza Pasaka iliyofuata. Alipofika mbele yangu nilimwonyesha Hostia, nikatumia ishara aliyonifundisha mama yake ya kitu kitakatifu, naye akainamisha kichwa. Sijapata kusikia Amina iliyo wazi kuliko ile.

Bwana aliyesema Efatha aanze na masikio yetu. Nawatakieni Dominika njema.

Tumsifu Yesu Kristo!

Padre wenu, Paroko