Usafi Unaoua Nyasi

Hapa Makongolosi nyumba husifiwa kuwa safi pale uwanja wake unapokuwa mweupe, umeparurwa kwa jembe na kufagiwa hata mistari ya ufagio ikaonekana juu ya vumbi. Anayeacha nyasi huhesabiwa mvivu. Nami nasema bila kigugumizi kwamba usafi wa namna hiyo ni uharibifu, na kwamba nyasi zinazoota kwa viraka na kugeuka njano mbele ya nyumba zetu, mara nyingi, ugonjwa wao ni jembe na ufagio. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Kwetu hakuna haja ya tembo.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni nyoka. Lakini nyoka hupenda majani marefu, marundo ya matofali, kuni na mabati chakavu, vitu ambavyo havikosekani nyuma ya nyumba zinazofagiwa kila alfajiri. Nyasi zilizokatwa kufikia kimo cha vidole vitatu humficha nani? La pili ni mbu. Mbu wa malaria hutaga mayai katika maji yaliyotuama, na maji hutuama kwenye ardhi iliyoshindiliwa na katika mashimo yaliyoachwa wazi na wachimbaji, si katika ukoka mfupi.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi: kwamba bustani ya nyasi ni mambo ya Wazungu. Ndugu msomaji, ziko nyasi zinazopandwa mbele ya nyumba huko Australia na Afrika Kusini ambazo watu wa huko huziita kwa jina la Wakikuyu, kwa sababu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Nao ukoka wetu, huu unaotambaa kando ya njia na ambao mkulima huutukana shambani, umefunika viwanja vya mpira na bustani katika nchi nyingi zenye joto. Wageni walichukua cha kwetu wakakitunza. Sisi tunakiparura, kisha tunasema ni chao.

Tazama sasa kinachotokea uwanja unapovuliwa nguo. Tone la mvua hupiga udongo mtupu na kuupasua kuwa chembe ndogo, nazo huziba matundu ya ardhi na kufanya gamba gumu juu yake. Maji yanayofuata hayapati pa kuingia, hivyo hukimbia na udongo wa juu, ule wenye rutuba. Baada ya masika kadhaa msingi wa nyumba hubaki wazi kama meno ya mzee, na mwenye nyumba huanza kutafuta fundi. Wakati wa kiangazi, vumbi lililobaki huingia katika uji wa watoto. Majani makavu, ambayo yangeoza na kuwa chakula cha udongo, nayo hukusanywa na kuchomwa, na naitrojeni yake ikaenda na moshi.

Nchi hii imekwisha kuliona jambo hilo kwa ukubwa wake. Kondoa ilichimbika makorongo hata serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka. Lilikuwa jambo chungu kwa wafugaji, lakini nyasi na vichaka vilirudi. Shinyanga nako, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza mwaka 1986 ulifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho na kuliacha lipumzike. Somo ni lile lile: nyasi zikipewa nafasi hurudi. Ikiwa kilima kizima kiliweza kupona, uwanja wa hatua kumi hushindwaje?

Hushindwa kwa sababu tunatafuta dawa ya dukani kabla ya kuujua ugonjwa. Nilisomea ualimu Mpuguso, wilayani Rungwe, karibu na Tukuyu ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Huko nyasi haziombwi, zinafyekwa tu. Chunya haipati hata nusu ya mvua hiyo, na kiangazi chetu huanza Mei na kufika Novemba. Ukoka unaogeuka rangi ya majani makavu mwezi wa Agosti haufi, umelala. Chimbua kidogo uvunje shina linalotambaa. Likiwa gumu na jeupe ndani, liache lisubiri mvua. Kuuamsha kwa maji ni israfu. Uwanja wa mita 10 kwa 10, ukiupa milimita 25 za maji kwa wiki, utakunywa lita 2,500, yaani madumu 125 ya lita 20. Katika mji ambao mama anapanga foleni kwa dumu moja, sitaki kusikia habari hiyo.

Njano ya wakati wa mvua ndiyo ya kuchunguza. Yakianza majani ya zamani ya chini, mara nyingi nyasi zina njaa ya naitrojeni. Yakianza machanga na mishipa yake ikabaki kijani, chuma hakifiki kwenye jani, na mara nyingi ni pale panapomwagwa majivu kila siku au maji yanapotuama. Kiraka cha mviringo kilichokauka kabisa pengine ni oili ya pikipiki. Chini ya mwembe ukoka hauoti kwa kukosa jua, na hapo waachie majani ya mwembe wafunike ardhi. Kila kiraka kina sababu yake, lakini jirani hukimbilia mfuko wa urea uliobaki shambani na kumwaga kiganja kizima. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Ikirundikwa juu ya nyasi kavu, huziunguza.

Kuna baya kuliko hilo, na hapa nakaza sauti. Nimeona watu wakisomba marudio, mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa karashani na dhahabu kukamatwa kwa zebaki, wakajazia mabonde ya uwanja kwa kuwa ni laini na ni wa bure. Mchanga huo hubaki na zebaki, na zebaki huharibu ubongo, hasa wa mtoto na wa mimba iliyo tumboni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mkataba utatusaidia nini ikiwa mtoto anacheza kibaba juu ya marudio mlangoni kwao? Dhahabu hiyo iliyosahaulika msiilete nyumbani.

Dawa yenyewe haina gharama kubwa. Acha kuparura. Mvua za kwanza zikilainisha ardhi, choma matundu kwa nondo, kina cha kiganja, kila baada ya hatua ya mguu mmoja. Tandaza samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, iliyochanganywa na udongo mzuri, tabaka jembamba ambalo ncha za nyasi bado zinaonekana. Kwenye viraka vitupu panda vipande vya ukoka vyenye vifundo, ukivifukia nusu. Wanaopita wape njia moja ya mawe, wasikanyage kila mahali. Zikiota, usikate zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja, maana jani ndilo jiko la nyasi, na anayelikata hadi chini anaitaka mizizi ifunge. Yaliyokatwa yaache palepale. Kisha ngoja, kwani mvumilivu hula mbivu.

Mwisho nawageukia walimu wakuu walio kazini. Kizazi baada ya kizazi tumewafundisha watoto kwamba kuja shule na ufagio na jembe na kuuacha uwanja mweupe ndiyo nidhamu, na wakaguzi wakasifu. Mtoto huyo hukua akaufanya uwanja wake vivyo hivyo, na shamba lake pia. Mwambieni alete samadi badala ya jembe la kuparura. Mfundisheni kwamba kufagia ni kwa ajili ya sakafu, na kwamba ardhi safi ni ile iliyofunikwa. Serikali haihitaji kutunga sheria kwa jambo hilo. Inatosha mwenye nyumba mmoja katika kila mtaa akubali kuitwa mvivu kwa msimu mmoja wa mvua.