Kipimo cha Mvua Nacho Kihesabiwe Mteja

Mkulima wa mpunga wa Namawala, ahamiaye dungu lake bondeni msimu wa masika, akizungukwa na mito ya Kilombero iupayo mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, ana haja ya habari moja kuliko zote: maji yanayoshuka kutoka milimani ni kiasi gani, na yatafika lini.

Chombo cha kuileta habari hiyo si adimu tena. Kipimo cha mvua chenye laini ya simu ndani yake, kikitumia nguvu za jua, hukata taarifa zake kuwa pakiti, kila pakiti ikachukua anwani ya iendako mithili ya barua, zikapita angani katika nafasi wanazoziacha wazungumzao, na malipo yakahesabiwa kwa wingi wa data wala si kwa dakika. Utaratibu huu wa GPRS umeenea duniani tangu mwaka 2000, na wenye maduka wa Ifakara wanaujua kwa matendo, maana mashine za risiti za EFD, zilizoanza nchini mwaka 2010, hupeleka hesabu za mauzo kwa Mamlaka ya Mapato kwa njia ya mtandao wa simu. Maadamu habari ya kodi yaweza kusafiri hivyo, insafu yadai habari ya mafuriko nayo isafiri.

Kizuizi kikubwa, kwa rai yangu, ni namna tunavyohesabu wateja: tunahesabu watu, wala hatuhesabu vyombo. Mkataba wa Mei 2023 wa kujenga minara 758 katika kata 713, chini ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ni neema isiyokanushika; lakini mnara hupelekwa penye watu, ilhali mvua iifurikishayo Namawala aghalabu hunyesha katika misitu ya milima ya Udzungwa isiyokaliwa na mtu.

Pana pia suala la bei. Taarifa moja ya mvua yaweza kuandikwa kwa baiti 100, na megabaiti moja ikabeba taarifa kama hizo 10,000. Walakini kila safari ikitozwa kana kwamba ni kilobaiti nzima, mwenye chombo hulipa mara kumi.

Kwa hiyo naiomba Mamlaka ya Mawasiliano iweke bei ya haki kwa laini za vyombo, isiruhusu mitandao ya 2G, ibebayo GPRS, kuzimwa kabla vyombo viitegemeavyo havijabadilishwa, na Mfuko usimamishe mnara ukabilio vyanzo vya mito hii, ijapokuwa hapana mpiga simu hata mmoja huko.