MWILI WETU: Mkojo usiozuilika si ulozi

Mama akitokwa mkojo mchana na usiku, wapo wanaosema amelogwa. Hapana! Sikiliza.

Mbele kuna kibofu cha mkojo, katikati njia ya mtoto, nyuma njia ya haja kubwa. Kati yao ni ukuta mwembamba tu. Uchungu ukikawia siku mbili, kichwa cha mtoto kinakaza ule ukuta juu ya mfupa, damu haifiki, nyama inakufa, tundu linafunguka. Ndiyo fistula. Ubakaji wa vita nao huileta.

Munganga mpasuaji anatenga kibofu na njia ya mtoto, anashona tundu, tena anaacha mpira wa mkojo karibu siku 14. Anachunga sana mirija inayotoka kwenye figo, asije akaishona. Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa na munganga Denis Mukwege mwaka 1999, na HEAL Africa ya Goma zimetibu mama wengi.

Baba mchimbaji, ukirudi kutoka machimboni usimfukuze mke wako. Nanyi vijana wa Kanyabayonga, jua likizama na mtoto hajazaliwa, msingoje. Bebeni mama kwa kipoyi, mpelekeni hospitali!