Picha ya simu peke yake haitoshi, andika mti wako



Msimu uliopita kijana mmoja alinitumia picha ya jani la kahawa kwa WhatsApp. "Bwana shamba, hii ni nini?" Jani lina umanjano, picha haionekani vizuri. Nikajibu fasta: weka CAN. Akaweka. Nilipofika shambani wiki tatu baadaye nikageuza jani. Chini kuna unga wa rangi ya chungwa. Kutu ya majani! Hela ya mbolea imeenda na ugonjwa umesambaa. Kosa lilikuwa langu.

Tangu hapo nasema wazi: picha bila maelezo si kumbukumbu.

Fanya hivi. Pita shamba kwa zigizaga, kutoka juu ya mteremko hadi bondeni, chagua miti kumi. Usichague ya njiani tu. Ifunge utepe, ipe namba. Kila wiki mbili rudi kwenye miti ileile na daftari:

- Tarehe, mvua, na ulichopulizia au kuweka.
- Picha ya mti mzima, tawi, na jani pande zote mbili.
- Jani ni la zamani au changa? Upungufu wa naitrojeni huanza kwenye majani ya zamani, wa chuma huanza kwenye machanga.
- Kahawa mbichi ina madoa meusi yaliyobonyea? Shuku chulebuni.

Gugu usilolijua ling'oe na mizizi na maua yake, libane katikati ya magazeti, weka kitu kizito juu. Badilisha magazeti mpaka likauke, kisha andika tarehe na mahali. Hata wataalamu wa mimea huhifadhi hivyo.

Najua mtaniambia, "Mbona babu hakuandika na alivuna?" Kweli. Lakini babu alilima ngoro zake mwenyewe, kila siku yuko shambani. Wewe una mashamba matatu, unalipa vibarua, unaonekana Jumamosi. Kichwa hakiwezi kubeba yote hayo.

Ukiwa na daftari, hata ukienda TaCRI pale Ugano unaongea na mtafiti kwa ushahidi. Bila hilo tunabahatisha wote, mimi na wewe, kwa hela yako.

Kwa hiyo nikija kwako, kabla sijagusa kahawa nitaomba daftari.