Boti kuukuu sio tatizo, tatizo ni nani anapanga uzito

Mapumziko yakifika, banda umiza la Chilangala halikai kimya. Simu zinatoka mifukoni, na katikati ya video za mabao siku hizi inapita moja ya ajabu. Jamaa amesimama kwenye ubao nyuma ya boti, kamba ameshaitupa, anateleza tu juu ya wimbi ambalo boti yenyewe inalitengeneza. Hashiki kitu, na wimbi haliishi.

Jibu la kwanza la watazamaji huwa ni lilelile: "Hiyo boti ni ya mamilioni, wenye nazo hao." Hapo ndipo mashabiki wanapokosea, kama wanavyokosea kila dirisha la usajili likifunguliwa. Wanaangalia bei, hawaangalii namba.

Ni kweli boti mpya za mchezo huu ni ghali. Lakini wimbi halitoki kwenye bei, linatoka kwenye uzito. Boti ikitembea inasukuma maji kando. Ikizama zaidi upande wa nyuma inachimba shimo kubwa zaidi, na maji yakikimbia kurudi kuliziba, ndipo wimbi linapoinuka.

Sasa chukua boti ya zamani ya skii ya majini. Hiyo ilitengenezwa kwa kazi ya kinyume kabisa. Mchezaji wa skii anavutwa kwa kasi inayofika kilomita 58 kwa saa, na anataka maji yaliyolala kama meza. Kwa hiyo boti yake ni nyepesi, chini bapa, injini iko katikati. Ukiiendesha polepole ikiwa tupu, inatoa kiwimbi cha kuogeshea bata. Watu wakikiona wanasema boti imekwisha. Haijaisha, imepangwa namba isiyo yake.

Dawa yake ni mifuko ya maji. Mfuko mkubwa unawekwa kona ya nyuma, upande ule anakoteleza mchezaji. Mdogo unakwenda mbele, ili omo isinyanyuke sana na wimbi lirefuke. Boti inalala kidogo upande mmoja, kasi inashushwa hadi kilomita 16 au 19 kwa saa, na mchezo umeanza. Anayetanguliza mguu wa kushoto huwekewa uzito kushoto, wa kulia huwekewa kulia. Winga ni winga hata majini.

Uzito wenyewe sio wa kutania, maana mara nyingi ni kilo 500 hadi 900. Na hapa mtu wa Newala asidhani mambo haya hayamhusu kwa sababu anaishi juu ya uwanda, mbali na bahari. Akina mama waliopandisha maji kutoka bondeni wanaijua hesabu hii kwa shingo zao. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo kilo 500 ni ndoo 25. Hamisha ndoo tano tu kutoka kulia kwenda kushoto, na boti inakuwa nyingine.

Manahodha wa pwani walilijua jambo hili kabla ya injini kufika. Mchanga au mawe yanayowekwa chomboni ili kitulie yana jina lake: farumi. Kwenye mashindano ya mashua kule Lamu, magunia ya mchanga yanahamishwa chombo kikigeuka, na mabaharia wengine wanatoka nje kukaa juu ya ubao, upande unakotoka upepo, ili mashua isilale. Miili yao nayo ni farumi. Wao wanatumia uzito kuzuia chombo kuinama, huku mchezo huu mpya unatumia uzito kukiinamisha kwa makusudi. Elimu ni ileile, hatari ndiyo imeongezeka.

Mashabiki wa kusini wana mfano wao nyumbani. Namungo ya Ruangwa ilicheza makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21. Ndanda, yenye Nangwanda Sijaona na mapenzi ya mkoa mzima, ilishuka daraja 2020. Jina kubwa na mashabiki wengi ni uzito pia. Ukikaa vibaya, unazamisha.

Na kuzama sio mfano wa maneno tu katika nchi hii. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere chenye uwezo wa kubeba abiria 101 kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa na zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Zaidi ya watu 220 walikufa. Uzito uliokosa mtu wa kuuhesabu ndio huo.

Wapo watakaosema basi mchezo wenyewe upigwe marufuku, maana kuinamisha boti kwa makusudi ni kutafuta kifo. Hapana. Ghuba ya Mikindani imetulia, vijana wapo, na boti kuukuu inaweza kuwapa mchezo bila kusubiri mfadhili. Kinachotakiwa ni masharti yasiyo na mjomba.

La kwanza, maji ya kwenye mifuko yahesabiwe pamoja na watu. Boti ya watu wanane iliyobeba ndoo 25 sio tena boti ya watu wanane. La pili, pampu ya kutoa maji ifanye kazi na kila mtu avae jaketi la kuokolea. La tatu, na hili halina mjadala: boti yenye injini ya kuning'inia nyuma, kama zilivyo nyingi za pwani yetu, isiguswe kwa mchezo huu. Pangaboi lake liko palepale anapoteleza mchezaji, na akianguka hamna VAR. Boti ya zamani ya skii pangaboi lake limejificha chini ya tumbo, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko hata wimbi.

TASAC wanaokagua vyombo vya majini waandike mapema kiwango cha mifuko kwa kila boti, wasisubiri msiba ndipo waunde tume. Na wenye boti wawape usukani manahodha wa ngalawa wa palepale Mikindani, watu waliokua wakipanga farumi, sio kijana aliyeangalia video tatu.

Siku boti ya kwanza itakapojazwa mifuko kule Mikindani, wa kwanza kuulizwa asiwe mwenye boti. Awe yule anayejua zimeingia ndoo ngapi.